Goti la Stuli ya Aalto

Kazi yangu hapa Turku, Finland, ni kutengeneza viti vilivyochoka. Karakana yetu ni ndogo: benchi mbili, jiko la kuchemshia gundi na dirisha linalotazama uani. Vinavyoletwa mlangoni ni vya kila aina, kuanzia makochi ya urithi hadi madawati ya shule, lakini hakuna kinachokuja mara nyingi kama stuli ya miguu mitatu ambayo kila Mfini ameikalia, hata asiyeijua jina. Kikalio chake ni cha mviringo, upana sentimita 38. Kimo chake ni sentimita 44. Miguu ni mbao nyeupe iliyokunjwa juu na kufungwa kwa skrubu chini ya kikalio, basi. Inaitwa Stuli 60. Alvar Aalto, msanifu majengo wa Kifini, aliibuni mwaka 1933, na mpaka leo inatengenezwa si mbali na hapa nilipo.

Leo naomba niuzungumzie mguu wake tu. Miguu hii imepita mikononi mwangu mingi, na kila ninapoufungua mmoja nauona ni kazi ya useremala yenye akili kuliko zote nilizowahi kushika.

Mimi ni binti wa seremala wa Mafinga. Kwa baba, mbao zilikuwa na vyeo vyake. Mninga ulikuwa wa vitanda vya maharusi na makabati ya watu wenye nafasi. Msindano ulikuwa wa kenchi za paa na boksi za kumwagia zege. Mlingoti, yaani mkaratusi, ulikuwa nguzo. Mti mweupe, usio na rangi ya kujivunia, hakuupa nafasi sebuleni mwa mtu. Kwa hiyo nilipofika Finland jambo la kwanza lililonishangaza halikuwa theluji, lilikuwa viti. Maktaba, hospitali, nyumba za wasomi, kote nilikuta mbao nyeupe isiyopakwa rangi, imepitishwa vanishi nyepesi tu, na watu wanaithamini kama sisi tunavyothamini mninga.

Mti wenyewe ni mbetula, ambao huku wanauita koivu. Gome lake ni jeupe lenye mabaka meusi, nanyi mmeuona kwenye picha za nchi za baridi. Ni mti wa kwanza kurudi pale msitu ulipoungua au ulipokatwa, unamea haraka, na zamani Wafini waliupa kazi za kawaida kabisa. Waliuchoma kama kuni. Gome walilisuka viatu na vikapu. Matawi mabichi yenye majani waliyafunga mafungu ya kujipigia mwili ndani ya sauna, na hilo wanalifanya mpaka leo. Kisha mwaka 1912 kiwanda cha Wilhelm Schauman kikaanza kutengeneza plaiwudi ya mbetula katika mji wa Jyväskylä. Gogo linazungushwa kwenye kisu kirefu, linamenywa kuwa vinia, yaani maganda marefu membamba ya mbao, vinia zinapangwa kwa kupishanisha nyuzi, zinagandishwa kwa gundi. Na Jyväskylä ndiko Aalto alikokulia, na ndiko alikofungua ofisi yake ya kwanza ya usanifu mwaka 1923. Hakuhitaji kwenda mbali kuujua mti huu unaweza nini.

Turudi kwenye mguu. Seremala yeyote atakuambia kwamba kiti hakifi kwenye kikalio wala kwenye unyayo. Kinafia pale mguu unapokutana na kikalio. Mtu anakaa, anajinyoosha, anaegemea upande, anakiburuza sakafuni, na nguvu zote hizo zinakwenda kukusanyika kwenye kiungo. Baba alikitegemea kiungo cha ulimi na tundu. Ulimi unachongwa kwenye ncha ya mguu, tundu linachimbwa kwa patasi, gundi inatiwa, kabari inapigwa. Ni kiungo kizuri, kimelisha mafundi kwa karne nyingi. Lakini kinataka boriti ndogo za kuunganisha mguu na mguu chini ya kikalio, kinataka muda, na hewa ikikauka sana, kama inavyokauka ndani ya nyumba za huku wakati wa baridi, ulimi unasinyaa na kiti kinaanza kucheza.

Kwenye Stuli 60 kiungo hicho hakipo. Mguu wenyewe unapanda wima, unakunja goti, unalala chini ya kikalio, na skrubu zinaushika hapo. Hakuna boriti, hakuna ulimi. Ile kona, ambayo kwa mafundi wote waliotangulia ilikuwa mahali pa kuunganisha vipande viwili, hapa ni kipande kimoja cha mti kilichopinda kwa pembe ya digrii 90.

Majira ya baridi yaliyopita mama mmoja mzee alituletea stuli yake iliyopakwa rangi juu ya rangi: nyekundu, chini yake nyeupe, chini yake tena buluu ya zamani iliyofifia. Alitaka irudi kuwa mbao. Nilianza kwenye goti, maana ndipo rangi ilipokuwa nene zaidi, nikaikwangua taratibu kwa ubapa wa kisu, kisha msasa laini, nikifuata nyuzi. Mbao ilipojitokeza, kwa ubavuni nikaiona mistari. Sehemu ya wima ya mguu ni mti mtupu, nyuzi zake zimenyooka kuanzia sakafuni bila kukatizwa. Karibu na pale goti linapoanza, mistari myembamba inazaliwa ndani ya mti, imepishana nafasi sawasawa, inapinda pamoja na goti na kwenda mpaka kwenye ncha iliyojificha chini ya kikalio. Nilipoufungua mguu na kuigeuza ncha ile kwenye mwanga, nikaiona siri yote: tabaka la mti, vinia, tabaka la mti, vinia. Nilipitisha ukucha juu yake na haukukwama popote.

Inafanywa hivi. Fundi anachukua kipande cha mbetula kilichokauka vizuri, kisicho na kifundo, nyuzi zake zimenyooka. Anakitia msumeno kuanzia ncha moja, kufuata nyuzi, anakata mianya kadhaa iliyo sambamba, anaishia chini kidogo ya pale kitakapopinda. Sehemu iliyobaki haiguswi. Ndani ya kila mwanya anasukuma kipande cha vinia kilichopakwa gundi, kisha anakibana kipande chote kwenye kalibu kwa joto na unyevu mpaka kifuate umbo, na kukiacha humo mpaka gundi ishike. Kinatoka kimekunjwa, na hakinyooki tena.

Kwa nini isikunjwe mbao nzima tu? Kwa sababu mbao nene ikipinda, upande wa nje unalazimika kurefuka na wa ndani kujibana, na nyuzi za nje zinakatika. Huko Austria Michael Thonet alikuwa ameshaikabili shida hiyo karne ya 19 kwa kuzipika fito za mbao kwa mvuke mpaka zilainike, na viti vyake vya mikahawa vikaenea duniani. Fito zake lakini zilikuwa za mviringo na mapindo yake mapana. Goti fupi kama hili ni jambo jingine. Chukua daftari ulikunje: linapinda bila shida kwa sababu kila karatasi inateleza juu ya mwenzake. Sasa fikiria umepaka gundi kati ya karatasi zote na kulishikilia hivyo hivyo mpaka likauke. Ile mianya ya msumeno inaugeuza mti mnene kuwa karatasi kwa muda, na gundi inaurudisha kuwa mti.

Na mbetula ni mti wa kazi hiyo hasa. Vitundu vya mbao yake ni vidogo na vimesambaa sawasawa, hauna mistari ya ugumu na ulaini inayopishana kwa nguvu kama msindano, hauna utomvu wa kukorofishana na gundi, na msumeno unapita humo bila kuing'oa nyuzi. Una uzito wa kutosha kubeba mtu na wepesi wa kutosha mtoto kuubeba. Udhaifu wake ni maji. Ukiuacha nje unaoza haraka, na stuli zinazotujia kutoka kwenye vyumba vya chini vyenye unyevu huwa zimeachia gundi magotini. Ni mti wa ndani ya nyumba.

Vitabu vingi vya usanifu hapo huandika jina la Aalto peke yake, na hilo linaniuma kidogo. Mguu ule una mikono miwili ndani yake. Wa pili ni Otto Korhonen, mwenye kiwanda cha samani hapa Turku, ambaye Aalto alianza kushirikiana naye mwishoni mwa miaka ya 1920. Aalto alikuwa msanifu wa majengo, mtu wa kalamu na mawazo makubwa. Korhonen aliijua mbao. Walijaribu pamoja, wakavunja pamoja, wakapinda vinia na mbao nzima mpaka wakapata kipimo cha mwanya, unene wa vinia na kiasi cha unyevu ambacho mti hukubali. Mambo hayo hayachorwi kwenye karatasi, yanajulikana na mtu aliyesimama kwenye benchi siku nyingi. Korhonen alifariki mwaka 1935, kabla umaarufu haujafika ulikofika. Mimi nikiushika mguu wa stuli hii nawataja wote wawili.

Na si wote wawili tu. Mke wa Aalto, Aino Marsio, alikuwa msanifu kwa haki yake mwenyewe, na walifanya kazi kwenye ofisi moja tangu walipooana mwaka 1924. Mwaka 1935, wao wawili pamoja na Maire Gullichsen na Nils-Gustav Hahl walianzisha kampuni ya Artek mjini Helsinki ili kuuza samani hizi. Aino ndiye aliyekuja kuiongoza kampuni hiyo mpaka alipofariki mwaka 1949.

Kabla ya mbetula, Aalto alikuwa amependa chuma kama wasanifu wenzake wa wakati ule. Ujerumani, Marcel Breuer alikuwa anatengeneza viti vya mabomba ya chuma yaliyopindwa, na Aalto alivinunua akaviweka nyumbani kwake. Umbo alilipenda. Mguso haukumridhisha. Alikuja kusema hadharani kwamba chuma kinapitisha joto mno, kinameta kupita kiasi na kina kelele, kwa hiyo hakimfai mwanadamu aliye karibu nacho kutwa nzima. Mtu aliyewahi kuugusa mlango wa chuma hapa mwezi wa Januari hahitaji maelezo. Alichofanya ni kuyachukua yale mapindo ya bomba na kuuliza kama mti wa nyumbani kwao unaweza kuyabeba.

Jibu lilipatikana hospitalini. Paimio ni mji mdogo mashariki ya Turku, na huko Aalto alishinda mwaka 1929 shindano la kujenga hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, iliyokamilika mwaka 1933. Nyumbani tunayo Kibong'oto, kwa hiyo wasomaji wangu wa Kilimanjaro wanajua hospitali ya namna hii ni nini. Dawa za kuua vijidudu vya kifua kikuu hazikuwepo bado. Tiba ilikuwa kupumzika, jua, hewa safi, na miezi mingi ya kungoja. Aalto alibuni akimfikiria mtu aliyelala chali. Dari za vyumba alizipaka kijani iliyokolea ili zisimchome mgonjwa macho, taa akaziweka mahali ambapo hazimwangazii usoni, na mabeseni ya kunawia akayapa mwinamo ili maji yaanguke kimya, wagonjwa wawili wa chumba kimoja wasiamshane.

Kwa ajili ya jengo hilo kilitoka kile kiti kinachoitwa Paimio, cha mwaka 1932. Nimeenda kukiona kwa macho yangu, nikapiga magoti kukichungulia chini. Pande zake mbili ni bangili mbili za mbetula ya tabaka, kila moja ni mkono wa kiti, mguu wa mbele, mguu wa nyuma na kitu cha kusimamia sakafuni, yote ni mkanda mmoja uliofungika. Kati yake limening'inizwa bapa moja la plaiwudi nyembamba iliyoviringishwa juu kwenye kichwa na chini kwenye magoti. Mgongo wake umelala kiasi, kwa pembe iliyokusudiwa kumpanulia mgonjwa kifua apumue. Kwenye sehemu ya kichwa kuna mianya ya kupitisha hewa. Hakuna godoro wala kitambaa, kwa hiyo kinafutika kwa maji na hakihifadhi vumbi. Na juu ya ugumu wote huo wa plaiwudi kinadunda kidogo unapokalia, kwa sababu bapa limeshikwa juu na chini tu na katikati liko huru. Kwangu mimi hicho ndicho kiti kinachoonyesha kwamba uzuri wa Aalto ulitoka kwenye huruma. Alimtazama mtu anayekohoa, akapinda mbao kumfuata.

Stuli yenyewe inahusishwa zaidi na maktaba ya mji wa Viipuri, ambao wakati ule ulikuwa wa Finland, iliyofunguliwa mwaka 1935. Huko zilijaa kwenye ukumbi wa mihadhara, chini ya dari ya mbao inayopanda na kushuka kwa mawimbi. Miguu yake mitatu iko nje ya mzingo kwa namna kwamba stuli moja inaketi juu ya nyingine ikizunguka kidogo, kisha nyingine tena, mpaka zinapanda juu kwa mzunguko mmoja mrefu. Maktaba inamaliza mhadhara, stuli zinapangwa kwenye kona, ukumbi unabaki mtupu. Vita vilipokwisha Viipuri ulikuwa upande wa Wasovieti, nao leo uko Urusi. Jengo liliachwa miaka mingi bila mwenyewe, likaharibika, na ukarabati wake ulikamilika mwaka 2013. Ninafurahi kwamba lilisimama tena.

Sifa ya stuli ilitangulia hata ufunguzi wa maktaba. Mwezi wa Novemba 1933 samani hizi zilionyeshwa London kwenye duka la Fortnum & Mason, na Waingereza wakaanza kuagiza. Mwaka 1938 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilimfanyia Aalto maonyesho yake mwenyewe. Yeye aliendelea na goti lile lile. Miaka ya 1940 aliunganisha magoti mawili yakawa mguu wa umbo la Y, na miaka ya 1950 akayakata magoti kwa pembe, akayabandika ubavu kwa ubavu, likatoka feni linalofunguka chini ya kikalio. Mguu huo wa feni ni mgumu kuukarabati kuliko yote, na sijawahi kuuletewa bila kufurahi.

Kuna jambo la siku za karibuni ambalo limenigusa zaidi kuliko maonyesho. Kwa miaka mingi mbetula wa samani hizi ulichaguliwa mweupe safi, na mbao yenye kifundo, doa la kahawia au njia ya mdudu ikawekwa kando, ingawa nguvu yake ni ile ile. Mwaka 2023, stuli ilipotimiza miaka 90, Artek ilitoa toleo linaloitwa Villi, lililobuniwa pamoja na studio ya ubunifu ya Formafantasma, ambamo mbao hizo za madoa zinatumika kama zilivyo. Niliona moja dukani, ina kifundo cheusi karibu na ukingo wa kikalio na mchirizi wa kahawia juu ya mguu mmoja. Msitu unaonekana humo. Ningekuwa na nafasi ningeinunua hiyo kabla ya ile nyeupe.

Kaka yangu ameirithi karakana ya baba. Nilimtumia picha za ile ncha ya mguu kwa simu, na swali lake lilikuja hapo hapo: goti hili linawezekana kwa msindano wa Sao Hill? Swali ni la haki. Misindano ndiyo mti tulio nao kwa wingi Mufindi, na Wafini hawa hawa walianza mwaka 2014 kushirikiana na wakulima wa nyanda za juu kusini kwenye mpango wa Panda Miti Kibiashara. Lakini msindano wetu unakua mbio, duara zake za mwaka ni pana, ndani ya duara moja kuna mti laini na mti mgumu, na una vifundo vingi kwa sababu matawi hayapogolewi mapema. Ukiupinda mzima unavunjika kwenye kifundo. Ukiuchana tabaka nyembamba hali inabadilika, maana kila tabaka linapinda kivyake na kifundo unakiona na kukitupa kabla ya gundi.

Basi nimemwelekeza hivi. Achukue mbao ya sehemu ya chini ya shina kutoka kwenye mti uliopogolewa. Aichane kwa kufuata nyuzi, siyo kwa kufuata ukingo wa ubao, tabaka za milimita mbili. Azitie kwenye maji ya moto, azizungushe moja moja kwenye pipa, na zinazopasuka aziweke kando aandike kila moja ilitoka sehemu gani ya mti. Afanye vivyo hivyo na mgrivea wa shambani kwa mjomba, na kile kipande cha mninga kilichobaki tangu enzi ya baba. Gundi iwe ya mwisho, tukishajua mti upi unatii. Na asipake rangi chochote mpaka nizione nyuzi.